Negativu ya printa haipimwi kwa macho

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea negativu, yaani picha iliyogeuzwa, peupe pakawa peusi, aliyoichapa mwenyewe kwenye plastiki angavu kwa printa yake ya wino: mbuyu wa barabara ya Kondoa, umesimama peke yake. Ukiiinua dirishani inapendeza kweli. Tulipoichapa kwa sayanotaipu, njia ya kutoa picha za buluu kwa jua, gome lote likawa bonge la buluu, na mawingu hayakuonekana kabisa.

Sayanotaipu, aliyoivumbua John Herschel mwaka 1842, haijali sana mwanga tunaouona. Dawa yake, amonia feriki sitreti na potasiamu ferisianidi, huitikia zaidi miale ya urujuanimno. Ndiyo maana wino wa njano, unaoonekana hafifu machoni, unaweza kuizuia miale hiyo kuliko kijivu kizito. Kila printa na wino wake. Vipimo vya mwenzako wa Dar usivichukue.

Mimi huanza na muda. Napaka dawa karatasi, naikausha gizani, nafunika sehemu yake kwa plastiki ileile ya kuchapia, ikiwa tupu. Kisha naianika juani saa sita mchana wakati wa kiangazi, mbingu haina hata wingu, nikiziba kipande kimoja kila dakika. Nikishaosha na kukausha natafuta dakika ambayo buluu ya chini ya plastiki imeacha kukolea. Hiyo ndiyo dakika yangu, na sitaigusa tena. Wengi huruka hatua hii, halafu picha ikififia wanaongeza jua, ikikolea wanapunguza, na hawajui tena kama kosa ni la jua au la negativu.

Baada ya hapo nachapa ngazi ya vivuli, kuanzia asilimia 0 hadi 100 ya wino, na kuianika kwa muda uleule. Naangalia ni ngazi ipi iliyobaki nyeupe kama karatasi, na zipi zimegandamana zikawa rangi moja. Kutokana na hapo narekebisha toni, yaani ukolevu wa vivuli vya picha, kwenye kompyuta, nageuza picha iwe negativu, kisha naigeuza kushoto kulia, maana upande wa wino ndio unaolala juu ya dawa. Usipougusanisha, mistari myembamba hutawanyika.

Hewa kavu ya Dodoma hukausha wino vizuri, ila vumbi! Plastiki hulivuta, na kila chembe huacha alama kwenye picha. Futa kioo kinachoibana negativu kila mara.

Maji nayo yaangalie. Ya bombani kwangu huacha ukoko mweupe kwenye birika, na maji yenye alkali hula buluu. Suuza ya kwanza naitia siki kidogo.

Kijana alirudi Jumamosi na negativu mpya. Mikunjo ya gome ilitoka yote, mpaka kwenye mizizi. Mawingu bado, ngazi mbili za sehemu angavu zaidi za picha zinahitaji wino mzito zaidi, na tumekubaliana azichape upya kesho.