Mto Ukipungua, Mkataba Unasemaje?

Chukua chupa mbili za maji ya mto mmoja, moja ikiwa na nyuzijoto 10 za Selsiasi, nyingine 30. Kwa macho huoni tofauti. Tumbukiza kipima oksijeni: maji ya baridi yanaweza kubeba miligramu 11 hivi kwa lita, ya moto hayafiki hata 8.

Kazi yangu ni kupima maji ya mito, na nikiulizwa tabianchi inahusianaje na usafi wa maji, huwa naanzia kwenye chupa hizo. Samaki wanaitegemea oksijeni hiyo, na bakteria wanaosaga uchafu pia. Mto ukipata joto huku kina kikishuka, majitaka yaleyale yaliyokuwa yakizimuliwa na maji mengi sasa yanabaki mazito. Hakuna kiwanda kipya, hakuna bomba lililopasuka, na bado maji yamechafuka.

Sasa pitisha mpaka wa nchi katikati ya mto huo. Zaidi ya nchi 150 zina maji yanayovuka mpaka. Mkataba wa Paris wa 2015 kuhusu tabianchi unashughulika na chanzo cha joto, nao hauna mbadala, lakini mto wenyewe unahitaji makubaliano yake.

Mto Colorado unafundisha mengi. Mwaka 1922 majimbo 7 ya Marekani yaligawana maji yake kwa hesabu ya miaka iliyokuwa na mvua kuliko kawaida, na mwaka 1944 Mexico ikaahidiwa mita za ujazo bilioni 1.85 kila mwaka. Jumla yake inazidi kile mto unacholeta siku hizi. Mkataba huo wa 1944 ulizungumzia "ukame usio wa kawaida" bila kueleza ni ukame wa namna gani. Nyongeza za 2012 na 2017 ndizo zilizoziba pengo: bwawa la Mead, lililo kwenye mto huo upande wa Marekani, likishuka hadi alama zilizotajwa, Mexico inapunguza matumizi sambamba na majimbo ya chini ya mto. Upungufu umekubaliwa kabla haujafika, na hilo kwangu ni jambo kubwa.

Waliofika mbali zaidi kwenye mzizi wa tatizo ni watu wa mto Senegal. Mali, Mauritania na Senegal ziliunda OMVS, shirika lao la pamoja la kusimamia mto huo, mwaka 1972, Guinea ikajiunga 2006. Hati yao ya maji ya 2002 haitengi kiasi maalumu kwa kila nchi. Inagawa maji kwa matumizi, yaani kunywa, kilimo, umeme, usafiri, mazingira. Mto ukipungua hakuna nchi inayodai lita zake. Makosa yalikuwepo, na hayafai kufichwa. Bwawa la Diama, lililokamilika 1986 karibu na mlango wa mto, lilizuia maji ya chumvi yasipande kutoka baharini. Lakini maji yasiyo na chumvi yaliyotulia nyuma yake yakawa makao ya konokono wa kichocho, na ndani ya miaka michache ugonjwa ukalipuka katika mji wa Richard-Toll, Senegal. Walipima chumvi, lakini hawakuwatazama konokono vya kutosha.

Kupima ndiko ninakokujali kuliko yote. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali la Sandoz liliungua karibu na Basel, Uswisi. Maji ya kuzimia moto yakabeba viuatilifu hadi mto Rhine, mto ukawa mwekundu, samaki aina ya mkunga wakafa kwa wingi, na nchi zilizo chini ya mto zikapata habari kwa kuchelewa. Tangu 1993 kuna kituo cha upimaji Weil am Rhein, upande wa Ujerumani, kinachoendeshwa kwa ushirikiano na Waswisi. Kikiona kitu kigeni, taarifa husafiri mbele ya maji mpaka Uholanzi, ambako wanaochota maji ya kunywa mtoni huweza kufunga milango kabla uchafu haujafika.

Ndiyo maana nikipewa rasimu ya mkataba naanzia viambatisho: nani anapima, mara ngapi, joto la maji limo au limesahauliwa, na jirani anaziona namba lini. Mara nyingi nakuta sentensi moja tu, kwamba pande zote zitapeana taarifa "inapohitajika". Neno hilo nalikata kwa kalamu nyekundu, na juu yake naandika: kila siku.