Unga wa kusafisha tumbo hauoteshi nywele utosini

Nimeulizwa tena: "Daktari, nikisafisha tumbo, upara utaondoka?" Hauondoki. Nawaandikia wanaume wa Mwanga, Gungu na Ujiji hapa Kigoma wanaokunywa unga wa kuharisha siku saba mfululizo wakingoja nywele zirudi. Tumbo bovu linaweza kunyonyoa nywele, lakini halimpi mtu upara. Anayechanganya mambo haya mawili hupoteza fedha, maji ya mwili na muda ambao mizizi ingali hai.

Angalia zinakopungua. Zikirudi nyuma kwenye panja na kuisha utosini huku kisogo kimejaa, huo ni upara wa kurithi. Homoni ya DHT, inayotokana na testosteroni, husinyaza mzizi polepole hadi uoteshe nywele laini za malaika tu. Mizizi ya kisogoni haiathiriki sana na homoni hiyo. Njaa na minyoo havichagui panja vikaacha kisogo.

Nywele zinazonyonyoka kwa sababu ya tumbo hupungua kichwa kizima. Kudondosha 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Baada ya taifodi, kuharisha kukali au kukonda ghafla, mizizi mingi hupumzika kwa pamoja, kisha nywele hudondoka miezi 2 hadi 3 baadaye. Ndiyo maana mtu humlaumu kinyozi wa juzi. Chanzo kikiisha, nyingi huota tena zenyewe, na sifa anapewa muuza unga, ambaye unga wake wa kuharisha unaweza kuanzisha mnyonyoko mwingine. Jipime: shika nywele kama 60, vuta taratibu toka shinani hadi nchani. Zikitoka zaidi ya 6, mnyonyoko unaendelea. Aliyenyoa aache zikue sentimita 2 au 3 kwanza.

Sasa chuma, ambacho ndicho hasa kinachounganisha tumbo na nywele. Minyoo ya safura hunyonya damu utumboni. Kichocho cha tumbo, ambacho wavuvi na waogaji wa Ziwa Tanganyika hukipata, huchubua ukuta wa utumbo. Bakteria wa vidonda vya tumbo huvuruga tindikali inayosaidia chuma kufyonzwa. Mtu huambiwa damu yake ni gramu 13.5, akaridhika, kumbe akiba imekauka. Akiba huonekana kwenye kipimo cha feritini. Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu chini ya mikrogramu 15 kwa lita kwa mtu mzima asiye na maambukizi. Wengi wetu madaktari wa ngozi tunataka ivuke 40. Hapa hatukubaliani, na ni haki mgonjwa ajue: ushahidi kwamba kumpandisha mtu kutoka 25 hadi 60 kunarudisha nywele ni dhaifu. Tena feritini hupanda mwili ukiwa na maambukizi. Ukipima ukiwa na malaria, 80 unayosoma inaweza kuficha ghala tupu. Pona kwanza, subiri wiki kadhaa, ndipo upime.

Pima na choo. Safura hutibiwa kwa albendazo mg 400. Prazikwanteli ya kichocho ni mg 40 kwa kila kilo ya uzito: mwenye kilo 60 humeza vidonge 4 vya mg 600 baada ya kula. Chuma kikiwa pungufu kweli, kidonge kimoja cha mg 200 siku moja, siku ya pili unaruka, kwa maji au juisi ya chungwa. Chai ya rangi ikae mbali kwa saa moja au mbili, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Kikiwa cheusi cha kunata kama lami na chenye harufu kali, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ugali wa muhogo peke yake hautoshi. Weka dagaa au maini.

Kuhusu bakteria wa utumboni, zipo tafiti zilizokuta tofauti kati ya wenye upara na wasio nao. Tofauti si chanzo.

Upara wenyewe una dawa ya kupaka, minoksidili ya asilimia 5, mililita 1 mara mbili kwa siku kwenye ngozi kavu. Wiki za mwanzo nywele hudondoka zaidi, na wengi huacha hapo. Hukumu baada ya miezi 4 hadi 6. Ukiiacha, ulichopata hupotea.

Na mwanaume mzima aliyekutwa na chuma kidogo bila sababu ya wazi achunguzwe damu inatokea wapi, iwe kidonda au saratani ya utumbo, hata kama nywele zimesharudi.