Chipulodi ni kitu gani? Ni tonge la jino

Mtu akiona moshi kwenye ruta ya CNC, ile mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, jambo la kwanza anashusha fidi, yaani mwendo wa mashine, anaona kama anaihurumia biti, kile chuma chenye meno kinachokata, kumbe ndo anaimaliza. Nimeliona hili kwenye karakana nyingi hapa Unguja, biti mpya inaungua kwa siku moja, mbao ya msaji inatoka na weusi pembeni, halafu lawama anapewa aliyeuza biti. Kinachokosekana mara nyingi ni kuelewa kitu kimoja kinaitwa chipulodi.

Chipulodi ni unene wa kile kipande cha maranda ambacho jino moja la biti linakitoa kila biti ikizunguka mara moja. Ndo hivo tu. Mie vijana wangu huwaambia ni tonge. Kila jino ni mdomo, biti yenye meno mawili inakula matonge mawili kwa raundi moja, na wewe kwa fidi na raundi unazoweka ndo unaamua tonge liwe kubwa kiasi gani.

Hesabu yake: chukua fidi, yaani milimita ambazo mashine inatembea kwa dakika, gawa kwa raundi za spindo, ile mota inayozungusha biti, kwa dakika, kisha gawa kwa idadi ya meno. Tuseme biti ya milimita 6 ya meno mawili, raundi 18,000, fidi 3,600. 3,600 kwa 18,000 inatoka 0.2, gawa kwa meno mawili unapata 0.1. Kila jino linachukua milimita 0.1, kama unene wa karatasi ya kuandikia, na kwa msaji au mninga hapo ni pahala pazuri pa kuanzia.

Sasa yule aliyeona moshi kashusha fidi mpaka 900 na raundi kaziacha vilevile 18,000. Tonge limekuwa 0.025. Ncha ya jino hata iwe kali vipi ukiitazama kwa karibu ina kimviringo kidogo, na ikishatumika kile kimviringo kinakua, kwa hivo tonge likiwa jembamba sana jino haliingii kwenye mbao, linasugua tu juu juu, linasugua mara elfu 36 kwa dakika, na kusugua ni joto. Maranda manene ndo yanayoondoka na joto, unga haubebi kitu. Kwa hivo ukiona moshi panda fidi, au kama mashine yako haiwezi kukimbia basi shusha raundi. Raundi 9,000 na fidi 1,800 inakupa 0.1 ileile, lakini usizishushe mno kwa sababu spindo nyingi za ruta zinapoteza nguvu huko chini.

Msaji una tatizo lake la ziada, ndani yake mna silika, kitu cha jamii ya mchanga, inakula makali hata ukifanya kila kitu sawa. Ndo maana kwa msaji kusugua bure ni hasara mara mbili.

Kujua bila hesabu, simamisha mashine ushike kilichoanguka. Maranda ya kushikika, yenye mkunjo, basi tonge ni zuri. Unga laini kama wa ngano, jino linasugua. MDF tu, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, isikudanganye, yenyewe itatoa unga hata ufanye nini.

Lakini hesabu yote hii inakubali kwa sharti moja, mbao isicheze, na hapa ndo watu wengi wanapotea kwa sababu wanadhani kubana ni habari moja na kukata ni habari nyengine.

Kuna siku tulikuwa tunachonga mfaa wa mlango, ule ubao mrefu wa katikati, upana sentimita 9, urefu mita mbili. Tumebana klampu mbili, moja kila ncha. Hesabu 0.1, biti mpya. Mwanzoni sauti tulivu, ikifika katikati ikaanza kulia, ikiendelea ncha ya pili inatulia tena. Kijana akashusha fidi, ikaja moshi. Tukasimamisha. Uso wa katikati ulikuwa na vimawimbi kama mchanga wa pwani maji yakitoka. Nikakandamiza kwa dole gumba, ubao ukashuka, nikachomeka kadi ya benki chini ikapita. Mbao zetu na unyevu huu wa kisiwani zinapinda, na ule ulikuwa umeinuka mgongo. Sasa fikiria, jino likigonga ubao unakimbia, linapata tonge la 0.02, ubao ukirudi jino la pili linakuta lake na lililobaki. Moja linasugua, moja linapaliwa. Ile namba 0.1 kwenye skrini ilikuwa haina maana yoyote.

Dawa haikuwa kukaza klampu. Ukiuvuta kwa nguvu ubao uliopinda utachonga vizuri, ukifungua unarudi mgongo wake na nakshi zimekwenda upande. Tulijaza pengo chini kwa vipande vya plaiwudi nyembamba na karatasi mpaka ubao ukakaa bila kulazimishwa, tukafunga papi upande mmoja kwa skrubu, na upande wa pili tukagonga kabari mbili mbili zinazopishana kila sentimita 40. Fidi ikarudi 3,600, sauti moja kutoka ncha hadi ncha.

Wenye meza ya vakyumu, ile inayoshika mbao kwa kunyonya hewa chini yake, nao waijue hesabu yake. Hewa inakandamiza karibu kilo moja kwa sentimita mraba, kwa hivo kipande cha 10 kwa 10 kinashikwa kwa kilo 100 ikiwa pampu ni kamilifu, na hakuna pampu kamilifu. Tena hiyo ni nguvu ya kwenda chini, ya kuzuia kusogea pembeni ni sehemu yake tu. Kipande kidogo cha nakshi ya dirisha kitaruka. Acha vishikizi vya milimita moja au mbili, yaani vijisehemu visivyokatwa vinavyokishika kipande na ubao wake, au acha ngozi ya nusu milimita chini uimalize kwa mpito wa mwisho. Na biti inayovuta maranda juu inaivuta na mbao pia, kwa plaiwudi nyembamba tumia inayosukuma chini.

Jengine, ukila pembeni kidogo kidogo, mfano asilimia 10 ya upana wa biti, tonge halisi linakuwa jembamba kuliko la hesabu, 0.1 inageuka kama 0.06, kwa hivo hapo unaruhusiwa kupanda fidi. Na biti usiitoe nje ya koleti, kile kibanio cha spindo kinachoishika biti, kuliko inavohitajika, ukizidisha urefu uliotoka mara mbili kupinda kwake kunazidi mara nane, na biti inayopinda ni sawasawa na mbao inayocheza.

Mbao usiyoijua, chukua kipande cha pembeni ukibane vizuri, anza na 0.08, panda kidogo kidogo usikilize. Ukisikia spindo inazama au ukiona ukingo unachanika rudi hatua moja, kisha iandike ile namba kwa penseli palepale kwenye kipande, na jina la mbao, ukitundike ukutani karibu na mashine.