Kifua Kikibana Wakati wa Mlipuko: Hofu na Wasiwasi kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu

Juni 2020, wiki ya pili baada ya vyuo kufunguliwa, aliingia ofisini kwetu mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Akakaa ukingoni mwa kiti. Nilipomuuliza kinachomsumbua hakujibu, alitia mkono mfukoni, akatoa leso na kuifungua. Ndani kulikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia, kama kidole gumba. Alikuwa akikinusa darasani, kwenye foleni ya chakula na usiku kitandani, kuhakikisha pua yake bado inapata harufu, maana alisikia kwamba mgonjwa wa korona hupoteza uwezo wa kunusa. Siku hiyo, kabla hata ya saa sita mchana, alikuwa amekwisha kukinusa zaidi ya mara 20.

Sisi tunaokaa na wanafunzi kwenye ushauri nasaha tulijifunza mengi kutoka kwa kile kipande cha sabuni.

Tukumbushane hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020. Siku mbili baadaye vyuo vikafungwa, vikaja kufunguliwa Juni 1. Siku 75. Waliorudi walikuta almanaka imebanwa, majaribio yanafuatana na mitihani iko mlangoni. Kwa hiyo mtu aliyekuja kwetu akisema anaogopa korona, ukimsikiliza kwa utulivu ulikuta anaogopa mambo manne kwa mpigo: ugonjwa wenyewe, sapu (mtihani wa marudio), bumu (fedha za mkopo za kujikimu) lililokwisha kabla ya wakati, na mama mwenye kisukari kule nyumbani ambaye huenda yeye ndiye atakayempelekea maradhi. Ongeza chumba cha watu wanne ambacho kwa kubebana kinalala sita. Mtu huyo ukimwambia "kaa mbali na wenzako" unamwongezea mzigo tu, kwa sababu hana pa kukaa mbali.

Hofu si ugonjwa. Mlipuko ukiingia, mwenye hofu ndiye anayenawa mikono na kuvaa barakoa. Hofu ina kitu inachokiogopa, na kitu hicho kikiondoka nayo hutulia. Wasiwasi ni jambo jingine. Wenyewe unauliza "je, ikiwa?", ukijibiwa unaleta "je, ikiwa?" nyingine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona matatizo ya wasiwasi na sonona yaliongezeka duniani kwa asilimia 25, na vijana walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi.

Kinachowachanganya wengi ni mwili. Ubongo ukihisi hatari, homoni ya adrenalini humwagika kwenye damu, moyo hukimbia na pumzi huwa fupifupi na za haraka. Ukipumua hivyo kwa muda, unatoa hewa ukaa nyingi kuliko inavyotakiwa, na hapo unapata kizunguzungu, ganzi kwenye vidole na kuzunguka mdomo, na kifua kubana. Sasa fikiria kijana yuko kitanda cha juu saa nane za usiku, kifua kimembana, na kwenye simu amesoma kwamba korona inashambulia mapafu. Anaogopa zaidi, anapumua haraka zaidi, kifua kinabana zaidi. Wapo walioletwa zahanati wamebebwa, wakapimwa, mapafu yakakutwa salama.

Wimbi la namna hii kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka lenyewe. Unaweza kulisaidia lishuke. Kaa wima, vuta pumzi puani ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6, rudia kwa dakika tano. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakoupunguzia moyo mbio. Lakini homa, kikohozi kisichokata, au pumzi inayokuishia kwa kupanda ngazi chache si vya kuvikalia ukisema ni wasiwasi. Nenda zahanati upimwe.

Nirudi kwenye sabuni. Kila alipoinusa, yule binti alipata nafuu ya dakika chache. Nafuu hiyo ndiyo iliyomfunga. Ubongo wake ulijifunza kwamba amani inapatikana kwa kukagua, hivyo ukadai ukaguzi mwingine, na mwingine. Anayejishika paji la uso kila saa, anayempigia dada yake muuguzi mara tano kwa siku, anayefungua simu kutafuta idadi ya waliokufa, wote wananusa sabuni ileile.

Hatukumnyang'anya. Tulikubaliana anuse kila baada ya saa moja, kisha saa tatu, kisha asubuhi na jioni tu. Siku mbili za mwanzo alilia. Wiki ya tatu alikuja mikono mitupu, akaniambia leso ameifua.

Na taarifa je? Kuanzia Mei 2020 takwimu za kila siku za wagonjwa zilisita kutangazwa hapa kwetu, na pengo hilo lilijazwa na sauti za WhatsApp zisizojulikana zimetoka wapi. Kwa maoni yangu, ukimya uliwaumiza wanafunzi wetu kuliko ambavyo habari mbaya ingewaumiza. Virusi vya Marburg vilipotangazwa Kagera Machi 2023, na tena Biharamulo Januari 2025, ushauri wangu ulikuwa mmoja: chagua chanzo kimoja cha kuaminika, kama Wizara ya Afya, kisome mara moja kwa siku, na isiwe usiku. Sauti iliyotumwa mara nyingi na haina jina, usiitume mbele.

Wasiwasi ukizidi wiki mbili, ukawa hulali, huli, au unakwepa darasa na mitihani, njoo ofisi ya ushauri nasaha au kwa mshauri wa wanafunzi. Wengi wanachelewa wakidhani tutawaandika vichaa au tutawaambia walimu. Hatufanyi hivyo. Na mawazo ya kujidhuru yakianza, usisubiri wiki mbili, njoo siku hiyohiyo, hata kama ni kupitia zahanati usiku.

Kwa mnaokaa chumba kimoja na mwenye hali hii, maneno "acha woga" au "kapige nyungu utulie", yaani akajifukize mvuke, hayamsaidii. Keti naye, pumua naye taratibu, na umuulize mara ya mwisho amekula lini. Mara nyingi atakuambia jana. Msindikize akale kwanza, kisha mje naye. Mlango wetu unagongwa na wawili mara nyingi kuliko mmoja, na tumeshazoea kuongeza kiti.