Je, wajua kwa nini Caster Semenya aliishtaki Uswisi?

Tarehe 10 Julai 2025, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitoa hukumu ya mwisho katika shauri la Semenya dhidi ya Uswisi. Jina hilo la shauri linashangaza. Caster Semenya ni Mwafrika Kusini. Aliyemzuia kukimbia mita 800 ni Shirikisho la Riadha Duniani, na ofisi zake ziko Monaco. Uswisi haikutunga kanuni iliyomzuia, haikumpima damu, wala haikuwa ikigombea naye medali. Imeingiaje humo?

Habari iliyosambaa baada ya hukumu ni kwamba Semenya amelishinda Shirikisho la Riadha katika mahakama ya Umoja wa Ulaya, na sasa ruksa kukimbia. Hakuna hata kipande kimoja cha habari hiyo kilicho sahihi: mahakama siyo hiyo, aliyeshtakiwa siye huyo, na alichoshinda sicho hicho. Tukivinyoosha vitu hivyo vitatu, swali la Uswisi nalo litakuwa limejibiwa.

Kwanza, historia kwa kifupi. Semenya alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 800 mjini Berlin mwaka 2009, akiwa na miaka 18. Mwaka 2018 Shirikisho lilitoa kanuni zinazowahusu wanawake waliozaliwa na tofauti fulani za maumbile ya kijinsia, ambao miili yao huzalisha testosteroni kwa wingi. Walitakiwa kuishusha homoni hiyo hadi chini ya nanomoli 5 kwa lita ya damu, na kukaa hivyo kwa miezi 6, kabla ya kuruhusiwa kukimbia mbio za kimataifa za kuanzia mita 400 hadi maili moja. Kanuni hizo hazikuhusu dawa za kusisimua misuli, jambo ambalo bado linachanganywa hadi leo. Homoni inayozungumziwa ni ile ambayo mwili unaitengeneza wenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili halikuwa la mbali. Katika fainali ya mita 800 ya wanawake kwenye Olimpiki ya Rio 2016, dhahabu ilikwenda kwa Semenya, fedha kwa Francine Niyonsaba wa Burundi, na shaba kwa Margaret Wambui wa Kenya. Wote watatu walikuja kuguswa na kanuni zile. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na Septemba 2021, mjini Zagreb, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000. Wambui hakupata njia ya namna hiyo.

Turudi kwenye mahakama. Iliyotoa hukumu iko Strasbourg na ni ya Baraza la Ulaya, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1949 na yenye nchi wanachama 46. Umoja wa Ulaya ni kitu kingine: una nchi 27, na mahakama yake iko Luxembourg. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika Baraza la Ulaya, na imefungwa na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu tangu mwaka 1974. Strasbourg husikiliza malalamiko ya watu dhidi ya dola tu. Shirikisho la michezo, liwe na nguvu kiasi gani, haliwezi kusimamishwa pale kama mshtakiwa. Hilo peke yake linaeleza kwa nini jina la Shirikisho la Riadha halimo katika kichwa cha shauri, ila halijaeleza kwa nini jina lililowekwa ni la Uswisi. Monaco nayo ni mwanachama wa Baraza la Ulaya tangu mwaka 2004. Mbona haikushtakiwa yenyewe?

Hapa ndipo penye uhondo wa shauri zima.

Mwanariadha anayetaka kushiriki mashindano makubwa hulazimika kukubali kanuni za shirikisho la mchezo wake. Ndani ya kanuni hizo mna kifungu kinachosema kwamba ukitokea mgogoro, hautapelekwa mahakama ya kawaida. Utapelekwa Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, maarufu kwa kifupi cha CAS. Wapenzi wa soka wa Tanzania wanaikumbuka kwa kesi ya klabu ya Yanga na mchezaji Bernard Morrison. Wakenya wanaikumbuka kwa adhabu ya kufungiwa mashindano miaka minne aliyopewa mkimbiaji wa marathoni Rita Jeptoo mwaka 2016. Pamoja na kuitwa mahakama, CAS si chombo cha dola yoyote. Ilianzishwa mwaka 1984 na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na wanaoamua mashauri yake ni wasuluhishi wanaoteuliwa kutoka katika orodha yake.

Lakini uamuzi wa wasuluhishi hauwezi kuelea hewani. Lazima iwepo nchi moja ambayo sheria yake inautambua, na ambayo mahakama zake zina uwezo wa kuubatilisha ukiwa na kasoro kubwa. Fikiria meli ya mizigo iliyosajiliwa Zanzibar. Mwenye meli anaweza kuwa Mgiriki, nahodha Mfilipino, shehena ya Mhindi, na mwaka mzima ukapita meli haijatia nanga bandari ya Malindi hata mara moja. Hata hivyo ikiwa katikati ya bahari kuu, sheria inayotawala humo ndani ni ya nchi ambayo bendera yake inapepea tezini, na ni nchi hiyo inayotakiwa kuikagua. CAS nayo ina bendera yake. Kanuni zake zinasema makao ya kila shauri ni Lausanne, Uswisi, hata kama kikao kimefanyika kwenye chumba cha hoteli upande wa pili wa dunia. Wakati wa Olimpiki wasuluhishi wake hupiga kambi katika mji wa michezo na kuamua mashauri papo hapo. Kisheria, wakati wote huo wapo Lausanne. Mlalamikaji anaweza kuwa ametoka Eldoret na mlalamikiwa Monaco, bendera ikabaki ya Uswisi. Na kama mabaharia wameonewa ndani ya meli, hakuna anayeweza kuishtaki bahari. Anayeulizwa ni mwenye bendera: ulikagua nini?

Swali hilo ndilo Semenya alilolifikisha Strasbourg. Tarehe 1 Mei 2019 CAS ilikataa pingamizi lake, wasuluhishi wawili dhidi ya mmoja. Uamuzi ulikiri waziwazi kwamba kanuni zile ni za kibaguzi, kisha ukasema ubaguzi huo ulikuwa wa lazima, unaofaa na uliopimwa ili kulinda ushindani wa wanawake. Akakata rufaa Mahakama ya Shirikisho ya Uswisi, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, ambayo nayo ipo Lausanne. Sheria ya Uswisi inaipa mahakama hiyo sababu chache mno za kuugusa uamuzi wa wasuluhishi wa kimataifa: kwa mfano kwamba jopo liliundwa isivyo halali, kwamba upande mmoja haukusikilizwa, au kwamba matokeo yanavunja misingi mikuu kabisa ya sheria na utu. Majaji wa Uswisi huitafsiri sababu hii ya mwisho kwa ufinyu mkubwa, kiasi kwamba ni nadra sana kwa yeyote kupenya hapo. Tarehe 25 Agosti 2020 rufaa yake ikatupwa.

Monaco haikushtakiwa kwa sababu hakuna hakimu wa Monaco aliyewahi kulishika jalada lile. Wa Uswisi walilishika, wakalisoma, wakalifunga.

Njia yenyewe ilikuwa imeshachongwa na Claudia Pechstein, Mjerumani wa mbio za kuteleza kwenye barafu, aliyefungiwa miaka miwili mwaka 2009 kwa sababu ya vipimo vyake vya damu. Oktoba 2018 Strasbourg ilisema hakuwa na hiari ya kweli alipokubali CAS, kwa kuwa chaguo lake jingine lilikuwa kuacha kazi inayomlisha. Usuluhishi wa lazima, mahakama ikasema, lazima utimize dhamana zote za mwenendo wa haki zilizo katika Ibara ya 6 ya Mkataba. Kwa maoni yangu, huo ndio mstari muhimu kuliko yote katika sheria ya michezo ya Ulaya ya miaka hii, kwa kuwa unaita jambo kwa jina lake: saini ya mwanariadha kwenye fomu ya usajili si makubaliano ya watu wawili walio sawa.

Basi Semenya alishinda nini? Julai 2023, jopo la majaji saba liliamua kwa kura nne dhidi ya tatu kwamba alibaguliwa na kwamba hakupewa njia ya kweli ya kudai haki yake. Uswisi ikaomba shauri lisikilizwe na jopo kuu la majaji 17. Hao ndio walioamua Julai 2025, na waliligawa shauri vipande viwili. Kwa kura 13 dhidi ya 4 walisema malalamiko kuhusu ubaguzi na maisha binafsi hayako katika mamlaka ya Uswisi: kanuni ilitungwa na chombo cha Monaco, na ilimuumiza mtu anayeishi Afrika Kusini. Kwa kura 15 dhidi ya 2 walisema Uswisi ilivunja haki yake ya kusikilizwa kwa mwenendo wa haki. Mwenye bendera, kwa maneno mengine, hakubebeshwa lawama ya kila kilichotokea melini. Alibebeshwa lawama ya ukaguzi wa juujuu. Pale ambapo usuluhishi ni wa lazima na kinachobishaniwa ni mwili na utu wa mtu, mahakama ya dola inatakiwa kuchunguza kwa ukali wa pekee, na Mahakama ya Shirikisho haikufika hapo. Semenya alipewa euro 80,000 za gharama za shauri. Kanuni yenyewe haikuguswa hata nukta.

Ukali huo ungechunguza nini? Uamuzi wa CAS wenyewe ulikuwa umeacha alama za kuuliza. Wasuluhishi walisema ushahidi kwamba wanawake hawa wananufaika katika mita 1,500 na maili ni haba, wakashauri utekelezaji katika mbio hizo usubirishwe. Walikuwa na wasiwasi na madhara ya vidonge vya homoni, na wasiwasi mwingine kwamba mwanariadha anaweza kumeza dawa kwa uaminifu wote na bado kiwango kikapanda juu ya mstari bila kosa lake. Hata hivyo Shirikisho la Riadha halikuziondoa mita 1,500 na maili katika kanuni.

Sayansi nayo inahitaji mkono wa taratibu. Kwamba testosteroni ya balehe hujenga misuli na kuongeza uwezo wa damu kubeba oksijeni, hilo halina ubishi mkubwa. Ubishi ni kiasi gani cha faida hiyo kinawafikia wanawake wa aina hii, na katika mbio zipi. Utafiti uliotegemewa sana ulichapishwa mwaka 2017 na Bermon na Garnier, waliokuwa karibu na Shirikisho lenyewe. Mwaka 2021 jarida lililouchapisha lilitoa masahihisho ambamo watafiti hao walieleza kwamba uhusiano walioupata haujathibitishwa kuwa wa sababu na matokeo. Masahihisho hayo hayasemi kwamba faida haipo. Yanaonyesha kwamba watu walitakiwa kumeza dawa kwa msingi mwembamba kuliko ulivyotangazwa.

Nina hakika kwamba wanawake wanaoamka alfajiri kufanya mazoezi wanastahili kundi lao la ushindani lilindwe. Bila kundi hilo wasingefika fainali. Lakini nashindwa kukubali kwamba ulinzi huo unaweza kumtaka mtu asiye mgonjwa atumie dawa kwa miezi, kisha akilalamika aambiwe mahakama pekee yenye uwezo wa kumsikiliza hairuhusiwi kutazama kwa kina.

Wiki tatu baadaye, tarehe 1 Agosti 2025, mahakama ya Luxembourg iligusa mlango huohuo kwa upande mwingine. Klabu ya soka ya Seraing ya Ubelgiji ilikuwa imeadhibiwa na FIFA kwa kuwauzia wawekezaji haki za kiuchumi za wachezaji, CAS ikaunga mkono adhabu, Uswisi ikaithibitisha. Luxembourg ikasema mahakama za nchi za Umoja wa Ulaya lazima ziwe na uwezo wa kukagua kwa kina maamuzi ya CAS yanapogusa misingi mikuu ya sheria ya Umoja huo. Ni mahakama mbili tofauti, zenye mikataba tofauti, na zote mbili zinadai ukaguzi wa kweli wa usuluhishi ambao wanamichezo hawakuuchagua.

Riadha haikusubiri. Machi 2023 mstari ulikuwa umeshashushwa hadi nanomoli 2.5, muda ukawa miezi 24, na mbio zote zikaingizwa. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, mwanamke anayetaka kushindana katika ngazi ya dunia hupimwa jeni ya SRY, ambayo kwa kawaida hupatikana kwenye kromosomu Y ya kiume, mara moja maishani, kwa ute wa ndani ya shavu au kwa damu. Oktoba mwaka huo mawakili wa Semenya walitangaza kwamba hataendelea na shauri. Mwanariadha atakayetaka kukipinga kipimo hiki kipya ataanzia CAS na kupanda hadi Mahakama ya Shirikisho, ambako majaji sasa wanatakiwa kuupima ushahidi wenyewe, mbio kwa mbio, kabla ya kusema rufaa imekataliwa.