Mwanangu kawekwa kundi la silabi, je anabaguliwa?

Wazazi wa Tanga mmetuuliza sana hili, hasa wenye watoto darasa la pili: mwalimu kawagawa makundi, wa kwangu bado yuko kwenye silabi na mtoto wa jirani anasoma hadithi, sasa si ndo kumwambia mapema kwamba hana akili? Mi nafundisha walimu wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na jibu langu ni kwamba kugawa kunasaidia, ila inategemea umegawa kwa kitu gani.

Chukua darasa la watoto tisini. Najua kiwango ni 45 kwa mwalimu mmoja, lakini tangu elimu bila malipo ianze 2016 hali mnaijua wenyewe. Humo ndani kuna anayechanganya b na d, kuna anayesoma ba be bi bo bu vizuri tu ila mpe "nywele" au "ng'ombe" uone anavyokwama, afu kuna yule anatiririka kama cherehani, muulize sasa kwenye hadithi kimetokea nini, kimya. Mwalimu akisimama ubaoni na ba be bi yake kamsaidia mmoja tu, wa pili anasinzia, wa tatu anachora meza. Na wa madrasa je? Aliyezoea fataha, ile alama ya sauti "a" kwenye herufi za Kiarabu, keshaelewa zamani kwamba konsonanti na irabu zinaungana zinatoa sauti, kazi yake ni kujua herufi hizi nyingine na kuanzia kushoto, huyo humfundishi kama aliyeanza sifuri.

Majirani zetu Kenya walilijaribu hili kuanzia 2005, shule 121 za upande wa magharibi, darasa la kwanza likakatwa mawili, shule nyingine kwa alama, nyingine kwa bahati nasibu. Kule walikogawa kwa alama walipanda wa juu na wa chini pia, maana mwalimu alipata darasa ambalo angalau linaelekeana. India nako shirika la Pratham linawapanga watoto kwa kiwango cha kusoma bila kujali darasa, ila kule kuna funzo mi nalipenda zaidi: palipotolewa semina tu kwa walimu wa serikali hakukubadilika kitu cha maana, palipotengwa saa nzima kila siku kwa kazi hiyo, kama jimbo la Haryana, watoto wakasoma.

Ile habari ya "huyu anajifunza kwa kuona, yule kwa kusikia" achaneni nayo, haijapata ushahidi wa maana, kila mtoto lazima aunganishe herufi na sauti.

Kinachoniudhi mimi ni kundi la kudumu. Nishakuta darasa moja makundi yana majina ya samaki, nguru, changu na dagaa, we unadhani watoto hawakujua dagaa ni akina nani? Na hao dagaa toka Januari hakuna aliyepimwa tena, wameachiwa kunakili ubaoni huku mwalimu kakaa na nguru wake. Hapo ndo panakua ubaguzi.

Kwa iyo mzazi ukienda shule usiulize mwanangu yuko kundi gani. Muulize mwalimu mara ya mwisho kampima lini, na kwa siku anakaa na kundi lake dakika ngapi.