Gharama ya ukurasa mmoja: hesabu ya kufanya kabla ya kununua printa

Gharama ya ukurasa ni fedha ya wino inayoondoka kila printa inapotoa karatasi moja iliyochapwa. Kuipata ni rahisi: chukua bei ya katriji (kopo la wino linaloingizwa kwenye printa), igawanye kwa idadi ya kurasa inazoweza kuchapa hadi iishe. Katriji ya shilingi 40,000 inayotoa kurasa 120 inakula shilingi 333 na ushee kila ukurasa, na hapo karatasi yenyewe bado hujaihesabu.

Printa yangu ya kwanza niliinunua kwa kuangalia bei ya mashine tu. Ilikuwa shilingi 180,000, na ndani ya boksi mlikuwa na katriji mbili, nyeusi na ya rangi. Niliwachapia wanangu mitihani ya majaribio, na wiki ya tatu maandishi yakaanza kutoka na mistari myeupe. Nikarudi dukani kuulizia katriji mpya. Zote mbili kwa pamoja zilikuwa karibu nusu ya bei ya mashine nzima. Kijana wa dukani akaniambia, "Kaka, hizi zinazokuja na mashine mara nyingi hazijajazwa sawasawa. Ni za kuanzia." Hilo kila mnunuzi anastahili kuambiwa kabla hajatoa hela, si baada.

Idadi ya kurasa huandikwa kwa maandishi madogo pembeni ya boksi la katriji au kwenye tovuti ya kampuni. Chukua mfano wa HP 305, ambayo printa nyingi ndogo za nyumbani huitumia: nyeusi ya kawaida imeandikiwa kurasa 120 hivi, ya rangi 100. Ile ya XL ni 240 kwa 200. Kwa nje XL haizidi ukubwa, tofauti ni wino uliomo ndani, kwa hiyo ukiwa umeshanunua mashine ya aina hiyo, XL karibu kila mara hukupunguzia gharama ya ukurasa. Wewe gawanya tu, usikadirie kwa macho.

Printa za tangi, ambazo unazijaza wino wa chupa badala ya kubadilisha katriji, zilibadilisha kabisa hesabu hii. Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, kwenye soko ambalo watu walikuwa tayari wanafunga matangi yao wenyewe pembeni ya printa na kupitisha mipira ya wino. Leo chupa nyeusi ya Epson 103, yenye mililita 65, imeandikiwa kurasa 4,500. Tuseme chupa hiyo unaipata kwa shilingi 35,000 (bei ninazotaja ni za mfano, weka za duka lako). Ukurasa unakuja shilingi 8. Rimu ya karatasi ikiwa shilingi 12,000, kila karatasi ni shilingi 24, maana yake karatasi sasa imekuwa ghali kuliko wino mara tatu.

Kwenye rangi tofauti inatisha zaidi, kwa sababu ukurasa wa rangi unatumia katriji zote. Ile ndogo ya rangi ikiwa shilingi 45,000 kwa kurasa 100, ukurasa ni 450, jumlisha 333 za nyeusi, unafika 783. Kwenye tangi, chupa tatu za rangi kwa pamoja zimeandikiwa kurasa 7,500. Zikiwa shilingi 105,000 ni 14 kwa ukurasa, na nyeusi 8, jumla 22. Tena katriji nyingi ndogo zina rangi tatu ndani ya kopo moja. Mtoto akichora bendera na mabango ya bluu mwezi mzima, bluu ikiisha unatupa kopo lote hata kama njano imebaki tele.

Mashine ya tangi yenyewe lakini ni ghali. Tuseme ni 600,000 dhidi ya 180,000. Tofauti ni 420,000, na kwa kila ukurasa mweusi unaokoa shilingi 325. Gawanya: baada ya kurasa kama 1,300, zaidi kidogo ya rimu mbili na nusu, umerudisha hela yako. Mwalimu wa tuisheni anazimaliza ndani ya muhula mmoja. Anayechapa kurasa 20 kwa mwezi atasubiri zaidi ya miaka mitano.

Hapa ndipo namba ya kwenye boksi inapohitaji kusomwa kwa uangalifu. Kampuni hupima wino kwa viwango vya kimataifa, ISO/IEC 24711 kwa printa za wino na 19752 kwa tona nyeusi, unga unaotumiwa na printa za leza. Mashine inapewa seti maalumu ya kurasa, inachapa mfululizo mpaka katriji iishe. Ni kipimo cha haki kwa kulinganisha printa na printa, ila nyumbani hakuna anayechapa hivyo. Sisi tunachapa leo kurasa mbili, tunakaa siku kumi, tunachapa moja. Printa ya wino ikikaa, kila inapowashwa hujisafisha kichwa, yaani sehemu inayorushia wino kwenye karatasi, kwa kunyonya wino na kuumwaga kwenye sponji iliyo chini ndani ya mashine. Wino huo umeulipia na haujagusa karatasi. Katriji ya kurasa 120 inaweza kukupa chini ya hapo bila kuwa na hitilafu yoyote.

Na kuna tabia moja ya nyumbani inayoongeza hasara: kuzima printa kwenye soketi ya ukutani. Ukibonyeza kitufe cha printa yenyewe, utasikia kichwa kinasogea pembeni, kinagota, kisha kimya. Kinakuwa kimekwenda kukaa juu ya kifuniko chake cha mpira ili wino usikauke. Ukichomoa waya au umeme ukikatika kichwa kikiwa katikati ya njia, kinabaki wazi. Umeme ukirudi, iwashe tu kisha uizime kwa kitufe, kitarudi mahali pake.

Picha usiziweke kwenye hesabu hii. Kurasa za kipimo zina maandishi mengi na nafasi nyeupe nyingi, kama barua ya kawaida. Picha iliyojaa karatasi nzima inaweza kunywa wino mara kumi na zaidi.

Kwa anayechapa maandishi meusi tu, tena kwa vipindi, mimi namshauri leza. Tona ni unga, haikauki hata mashine ikikaa miezi mitatu. Tona ya HP 85A imeandikiwa kurasa 1,600. Ukiipata kwa 160,000 ni shilingi 100 kwa ukurasa. Angalia tu umeme wako, maana leza hupasha joto kila inapochapa, na inveta ndogo ya sola inaweza kuzidiwa.

Dada yangu alikuja kuniomba nimchagulie printa. Nikamuuliza anachapa kurasa ngapi kwa mwezi. Akafikiri, akahesabu kwa vidole: fomu ya shule, risiti, pengine barua moja ya kikundi. Kama kumi. Stesheneri ya jirani yake inatoza shilingi 200 kwa ukurasa, na karatasi ni ya kwao. Kumi ni 2,000 kwa mwezi. Bei ya ile printa ya 180,000 ingemlipia miaka saba na nusu ya kuchapa pale pale mtaani, kabla hata hajanunua katriji ya kwanza. Alinunua flashi.